Mbwa Wenye Rangi ya Njano

Siku Mama Bluu alipong'atwa, hakuna aliyeuliza ni mbwa wa nani. Mbwa alikuwa na doa la rangi ya njano katikati ya paji la uso, na katika uwanja ule wa samaki rangi ya njano ilikuwa na mwenyewe. Macho yote yaligeuka upande mmoja. Mama Njano alikuwa ameinama anapasua samaki wa mteja, na aliyahisi macho hayo mgongoni kabla hajajua kilichotokea.

Uwanja ulikuwa nyuma ya mnada, karibu na maji kiasi kwamba bahari ikichafuka matone yaliwafikia usoni. Wanunuzi walitoka mnadani na samaki wao wakawapelekea wanawake wenye visu, nao wanawake wakawapaa magamba, wakawapasua, wakawaosha, wakalipwa. Kila mmoja alikuwa na meza yake ya saruji, ambayo wenyewe waliiita jiwe, na mabeseni yake. Na kwa kuwa mabeseni yote yalinunuliwa duka moja na yalifanana kama mapacha, kila mmoja aliyapaka rangi yake. Majina waliyopewa na wazazi wao yalibaki nyumbani. Hapa palikuwa na Mama Bluu, Mama Kijani, Bibi Nyeupe, na mmoja aliyekuja mwisho akakuta rangi nzuri zimekwisha, akaishia kuitwa Mama Kahawia, jambo ambalo hakuwahi kulisamehe.

Sheria ya rangi ilikuwa fupi. Chenye rangi yako hakiguswi: hakipigwi teke, hakisogezwi, hakikaliwi. Lakini kikileta balaa, balaa ni lako. Mchukuzi mmoja aliwahi kujikwaa kwenye beseni la Mama Kijani akang'oka jino, na Mama Kijani alimhudumia kwa supu siku nyingi, mpaka yule bwana akanenepa na watu wakaanza kushuku kama kweli bado anaumwa.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyompa Mama Njano wazo. Matumbo ya samaki, kwa desturi ya pale, ni mali ya mwenye kisu, na yeye ya kwake aliwapa mbwa watatu waliokuwa wakizurura kando ya maji. Mmoja alikuwa dume mzee, kiziwi, akamwita Mzee. Wa pili alikuwa jike jeupe lililotembea polepole kama linasubiriwa na wapiga picha, akaliita Bibi Harusi. Wa tatu alimfuata mtu nyuma bila kuchoka, akamwita Mdai. Watu wengine pale waliwapiga mateke. Siku moja mtu, hakujulikana ni nani, alimmwagia Bibi Harusi maji ya moto ubavuni. Mama Njano alimtibu kwa dawa aliyoomba kwa daktari wa mifugo, na siku daktari huyo alipokuja mtaani na sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, aliwaburuta wote watatu kwa kamba huku njia nzima inamcheka. Kesho yake alifungua kopo lake la rangi ya mafuta, akachovya kidole, akamtia kila mmoja doa usoni.

Wenzake walicheka mpaka wakafuta machozi kwa mabega, maana mikono ilikuwa na magamba. Walicheka, lakini tangu siku ile hakuna aliyeinua mguu. Teke kwa mbwa wale lingekuwa teke kwa beseni la mwenzako, na hilo halikuwahi kufanyika pale.

Sasa Mzee alikuwa ameokota samaki aliyeteleza kutoka jiweni kwa Mama Bluu. Mama Bluu alimkemea, lakini kumkemea kiziwi ni kazi bure. Akamshika samaki mkiani avute. Mzee, ambaye hakumsikia wala kumwona akija, alishtuka akang'ata, na alichong'ata kilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kisu.

*

Mama Njano alifanya yote yaliyopaswa. Alimpeleka mwenzake zahanati, akasimama naye kwenye foleni, akamweleza muuguzi kwamba mbwa amechanjwa. Muuguzi alimtazama magamba yaliyoganda kwenye nywele, akasema mbwa wa mtaani hana cheti, na sindano zitachomwa zote. Mama Njano akasema sawa. Sindano alizilipia yeye. Bila kuambiwa na mtu, asubuhi iliyofuata alianza kupaa samaki kwenye mawe mawili, asubuhi kwa Mama Bluu na mchana kwake, na kila alichopata asubuhi alimkabidhi Mama Bluu mkononi, ule mkono mzima.

Jiwe la Mama Bluu lilikuwa juani. Mama Njano hakuwahi kulijua jua lile, kwa sababu lake lilikuwa chini ya paa, karibu na bomba la maji, na miaka yote alikuwa amesikia malalamiko ya mwenzake akidhani ni mazungumzo tu. Sasa kichwa kilimgonga, maji ilibidi ayafuate kwa ndoo, na Mama Bluu alikaa pembeni kwenye kigoda, mkono umefungwa bendeji, akimwelekeza kama mwanafunzi. Amwoshe vizuri huyo. Asimkate mkia, mteja huyu hapendi. Mama Njano aliitikia kila neno. Walikuwa wamekunywa chai pamoja kila asubuhi tangu nywele zao zilipokuwa nyeusi, na sasa Mama Bluu alikunywa chai yake akiwa amempa mgongo.

"Mimi sina ubaya na wewe," Mama Bluu alimwambia siku moja, bila kugeuka. "Ila nashangaa. Mimi nimeugua mara ngapi, hukuwahi kuniletea hata panadoli. Mbwa ulimtafutia daktari."

Lilikuwa kweli, na Mama Njano alilijua. Mama Bluu alipougua alikuwa na watoto wake, wakwe zake, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Nafasi ya kukaa haikuwepo. Mbwa hawakuwa na mtu. Lakini maneno hayo yangetoka mdomoni vibaya, naye akayameza akaendelea kuparua.

Mambo yangeishia hapo, mkono ungepona na chai ingerudi. Lakini muuguzi aliandika alichoandika, na bwana afya akaja. Alikuja amevaa viatu vyeupe, kosa kubwa katika uwanja wa samaki, akawa anaruka madimbwi huku anazungumza. Alisema mbwa na chakula cha watu havikai pamoja. Akirudi akakuta mbwa hata mmoja, uwanja unafungwa, na gari la manispaa litakuja Jumamosi kuwachukua wote wasio na mwenyewe. Aliposikia hawa wana rangi, na rangi ina maana gani, alicheka kidogo, kisha akasema basi huyo mwenye rangi ndiye atakayeshtakiwa.

Alipoondoka, Mwenyekiti wa uwanja aliwaita wote. Alikuwa mwanamume mpole, mwuza barafu, aliyechaguliwa kwa sababu hakuna mtu aliyemwogopa. Alizungumza akiangalia vidole vya miguu yake. Alisema hakuna anayemchukia mtu. Alisema kila mmoja hapa ana watoto. Mwisho wa yote akasema Mama Njano achague: Jumamosi afute rangi yake kwa mbwa, mbele ya watu, gari liwachukue, au aondoe rangi yake uwanjani, yote.

Mama Kahawia ndiye pekee aliyeguna kwa sauti. Wengine walikuwa wametazama chini, kama watu waliodondosha sindano.

*

Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vya kupanga katika safu ya vyumba vinavyotazamana, choo kimoja, bomba moja. Aliishi na mke wa mwanawe. Mwanawe alikuwa baharia, na alipooa alimleta mkewe hapo, akakaa naye mwezi, akapanda meli. Mkwe huyo alikuwa akifua na kukunja mashuka katika nyumba ya wageni, na alirudi jioni ananukia sabuni. Mama Njano alirudi ananuka samaki. Walikula wakiwa wamekaa pande mbili za mkeka, simu ya mkwe katikati imelala kifudifudi.

Zamani simu hiyo ilipigwa kila wiki. Kisha ikawa mkwe anasema tu, kwa kawaida wakati wa kuosha vyombo, "Mwanao amekusalimia." Mama Njano aliitikia, "Na yeye nisalimie." Ilimchukua muda kutambua kwamba salamu hizo zinakuja hata siku ambazo simu imekaa bila chaji tangu asubuhi. Alimwonea huruma msichana, akadhani msichana hajui kwamba anajua. Na msichana naye, nadhani, alikuwa anamwonea huruma yeye. Wanawake wawili waliendelea kupeana salamu za mtu ambaye hajazituma, kila mmoja akijitahidi asimwumize mwenzake, na nyumba ikazidi kuwa kimya.

Kwa hiyo alipoulizwa na watu anaona nini kwa mbwa, hakuwa na la kuficha sana, ila aliona aibu kulisema. Asubuhi akiteremka kuelekea uwanjani, wale watatu walikuwa wamekaa penye kona ya njia. Walikuwa wanamngoja. Katika dunia nzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa anamngoja yeye mahali popote. Ndiyo yote.

Ijumaa jioni alimweleza mkwe maneno ya Mwenyekiti. Mkwe alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika sahani.

"Futa, mama," alisema.

Mama Njano alisema wale mbwa wakipanda gari lile hawarudi.

"Najua. Futa." Mkwe aliweka sahani chini. "Kodi ya hapa inatoka kwenye jiwe lako. Mashuka yananilipa nauli tu na sabuni. Jiwe likienda, mwenye nyumba hatatusubiri, na mimi nitarudi kwetu. Sikutishi, mama. Nakwambia tu usije ukasema sikukwambia."

"Na mwanangu akirudi, akute hakuna mtu?"

Mkwe akaigeuza simu, akaifungua, akamwekea mama mkwe kiganjani, kana kwamba yule mama alijua kuisoma.

"Hajapiga," alisema. "Tangu ile mvua kubwa. Nilikuwa nakudanganya. Sijui yuko wapi, sijui na nani. Nisamehe."

Mama Njano alimrudishia simu. Alitaka kumshika mkono, lakini mikono yake, hata akiiosha kwa limau, ilikuwa na harufu ambayo mkwe hakuipenda, na alikuwa amejizoeza kutomgusa. Akamwambia tu alikuwa anajua. Akamwambia vilevile kwamba kesho atafuta. Mkwe alilia kidogo, akaosha vyombo, na kwa mara ya kwanza hakumletea salamu ya mtu.

*

Jumamosi gari la manispaa lilikuja baada ya mnada kutawanyika. Lilikuwa na wavu nyuma, na vijana wawili wenye kamba ambao walionekana hawajala. Wanawake waliacha visu. Wachukuzi nao walisogea, kwa sababu hakuna kinacholipa kama kutazama bure.

Mama Njano alikuja na kitambaa na chupa ya mafuta ya taa. Hakulazimika kuwaita mbwa. Walikuwa nyuma yake kama kila siku. Alipiga magoti kwenye saruji yenye maji akaanza na Mdai. Rangi ya mafuta haitoki kirahisi kwenye manyoya. Ilibidi amshike kichwa kwa mkono mmoja na kusugua taratibu kwa mwingine, asije akamwingizia macho. Mdai, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushikwa muda mrefu namna ile, alifumba macho. Kisha akalala chali akainua miguu juu. Mtu alicheka. Mama Njano aliendelea kusugua.

Doa lilipotoka, Mwenyekiti alikohoa. Desturi ilikuwa kwamba kitu kikifutwa rangi, kabla hakijatupwa, huulizwa mara tatu kama kuna anayekitaka. Beseni la mtu aliyehama, kigoda cha marehemu, vyote vilipita hapo. Sheria haikubagua kitu na kitu, na Mwenyekiti hakuwa mtu wa kubuni nyingine.

"Hana mwenyewe," alisema. "Nani anamtaka?"

Wachukuzi walicheka tena. Alirudia mara ya pili na ya tatu, akiwa ameona haya. Vijana wakamtia Mdai kamba, wakaifunga kwenye bampa la gari. Mbwa aliona ni mchezo mpya, akamfuata yule wa kamba kwa hiari yake.

Bibi Harusi alifuata. Yeye alipofutwa alimlamba Mama Njano kifundo cha mkono, mafuta ya taa yakamkera akapiga chafya. "Hana mwenyewe. Nani anamtaka?" Safari hii hakuna aliyecheka. Bibi Nyeupe aliangalia bahari. Mama Kijani alikuwa anachokoa gamba chini ya ukucha.

Kisha Mzee. Mzee hakusikia gari, hakusikia watu, na uvundo wa samaki ulikuwa umemfichia harufu ya kamba. Alikuja akaweka kidevu kwenye paja la Mama Njano akakaa hivyo, mzito, akihema. Kufuta doa lake kulichukua muda mrefu kwa sababu Mama Njano hakuwa na haraka tena. Alimsugua hata mahali ambapo rangi haikuwepo. Alipomaliza, paji la uso lilibaki na manyoya yaliyolowa, na mbwa akawa mbwa yeyote.

"Hana mwenyewe," alisema Mwenyekiti. "Nani anamtaka?"

Hakuna.

"Nani anamtaka?"

Mama Njano alikuwa bado amepiga magoti. Alisikiliza ule ukimya, na ghafla haukuwa tena wa mbwa. Aliona siku yake mwenyewe itakapofika, mtu mpole amesimama anaangalia vidole vya miguu, anauliza juu yake yeye, mara moja, mara mbili. Alijaribu kwa moyo wake wote kumpata mtu ambaye angeitika. Alimtafuta baharini, akamtafuta nyumbani, akamtafuta hapo alipo, kwenye duara la miguu aliyokuwa akiijua yote kwa ndara zake.

"Namtaka mimi," alisema. "Na wale wawili."

Mwenyekiti alimwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Yeye ndiye aliyewafuta. Mwenye jiwe hawezi kukitupa kitu na kukiokota papo hapo, hiyo itakuwa mzaha. Mama Njano aliinuka. Magoti yalimuuma akajishika kiunoni kwanza. Akasema kama shida ni jiwe, hilo ni jambo dogo.

Alikwenda chini ya paa na kitambaa kilekile. Mabeseni yake yalikuwa yamepangwa ukutani karibu na bomba, mstari wa njano pembeni mwa kila moja, umepakwa ukapakwa tena mpaka ukafanya unene. Alimwaga mafuta ya taa akasugua la kwanza. Watu walidhani ni hasira tu, itamtoka. Akasugua la pili. Mama Bluu alimwita kwa jina lake halisi, jina ambalo halikuwa limetamkwa pale kwa miaka, akamwambia asiwe mjinga, afikirie nyumbani. Alikuwa anafikiria nyumbani. Alikuwa anamwona mkwe akikunja nguo zake kwa ustadi uleule wa mashuka, akiziingiza kwenye begi bila kumtukana, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Hata hivyo mkono ulikuwa unasugua. Mwisho alifuta alama kwenye ukingo wa jiwe lenyewe, akatia kisu chake kwenye kanga akakifunga kiunoni.

Vijana wa manispaa walimpa kamba mbili bila ubishi. Mbwa mwenye mtu hakuwa kazi yao, na walikuwa na njaa. Kamba ya tatu hakuihitaji. Mzee alimfuata akiwa amegusisha pua kwenye upindo wa nguo yake.

Watu walimpisha njia. Alipita karibu na Mama Bluu. Mama Njano alidhani kwamba sasa, labda sasa, mtu atasema neno. Alipunguza mwendo kidogo ili kumpa nafasi.

Nyuma yake Mwenyekiti alikohoa.

"Jiwe la kivulini, penye bomba," alisema, "na mabeseni yake. Halina mwenyewe. Nani analitaka?"

Hakuhitaji kuuliza mara ya pili. Mikono iliinuka yote kwa pamoja, na wa kwanza kabisa ulikuwa umefungwa bendeji. Mama Kahawia alikuwa anapiga kelele kwamba yeye jiwe hata wakimnyima, wampe rangi ile, ameingojea miaka. Mtu alisema yeye ana watoto wengi zaidi. Mtu mwingine alimsukuma mwenzake. Mama Njano alipofika barabarani na mbwa wake bado walikuwa wanagombana.